Mwanamke Aliyefua Kivukoni

Baile an Átha, Maigh Eo, Ireland
Februari 3, 1954

Mpendwa mdogo wangu Féichín,

Mungu na Maria wawe nawe, na Patrick Mtakatifu pia, maana mtu aliye Boston anawahitaji wote watatu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limepungua uvimbe, na binti yako Úna na mumewe na yule mjukuu mnene wote hawajambo. Huku sisi tu wazima. Mimi mzima, ng'ombe wawili wazima, mbwa amezeeka lakini kiburi hakijamtoka. Juzi ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Bríd. Nimesuka msalaba wa matete na kuutundika juu ya mlango, pale pale mama alipokuwa akiutundika.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Jumapili padri alitangaza kwamba litasimamishwa jiwe la kumbukumbu njia panda, kwa ajili ya wale wanne waliouawa na askari wa Mwingereza mwaka wa ishirini na moja. Litafunuliwa Agosti kumi na tano, baada ya misa ya Bikira Maria. Majina manne yatachongwa, la Stiofán likiwa la mwisho kwa sababu ndiye aliyekuwa mdogo wao. Na wale wa kikosi chao walio hai watasimama mbele ya watu. Nikahesabu kwa vidole palepale kwenye benchi. Mlio hai ni wawili tu, wewe na Antaine Rua.

Baada ya misa nikamfuata Antaine ukutani, anapoegemea na wanaume wenzake kila Jumapili. Nikamwuliza, "Antaine, utasimama na Féichín wetu siku hiyo?"

Akatoa kiko mdomoni. "Féichín yupi? Féichín Kunguru?" Kisha yule mtu mzima, mwenye wajukuu na mvi masikioni, akalia kraa, kraa, mbele ya kanisa. Wakacheka wote.

Nikamwambia, "Vizuri sana, Antaine. Sauti hiyo inakufaa kuliko ile unayotuimbia kwenye zaburi." Wakacheka zaidi, safari hii wakimcheka yeye. Lakini nilifika nyumbani nimejaa hasira hata viazi vikaungua.

Nataka urudi, Féichín. Sisemi uje kutembea, nasema uje usimame pale. Hukuja mama alipofariki, ukasema bahari ina barafu. Hukuja ulipofiwa na mkeo huko, ukasema huna nguvu. Sasa bahari haina barafu na nguvu unazo, maana Úna ameniandikia kuwa bado unaendesha tramu na kugombana na abiria. Mimi nina miaka hamsini na sita. Nyumba ina vitanda vitatu na ninalalia kimoja. Nijibu upesi, na usinijibu kwa habari za hali ya hewa.

Dada yako,
Sibéal


Boston
Machi 1, 1954

Dada Sibéal mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie kutoka kwangu, kwa Úna na mumewe, na kwa yule uliyemwita mnene. Si mnene, ana afya. Goti haliumi isipokuwa siku za theluji, na huku karibu kila siku ni ya theluji. Samahani, ulinikataza habari za hali ya hewa. Nimefurahi kwamba mbwa bado yupo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa mwisho wa njia, abiria wote wameshashuka.

Siji, dada.

Wewe peke yako hujawahi kuniuliza niliona nini asubuhi ile. Parokia nzima iliniuliza ila wewe. Basi leo nakueleza, ili uelewe kwa nini siji, kisha tusirudie tena.

Nilikuwa nimelala wiki tatu kwenye kibanda cha wachungaji mlimani. Tulikubaliana kila mtu ashuke kwa wakati wake, tukutane njia panda tukavizie lori la askari. Nilishuka alfajiri, peke yangu, na bunduki yangu begani. Ukungu ulikuwa umelifunika bonde. Nilipokikaribia kivuko nikasikia mwanamke akiomboleza, yale maombolezo ya kale aliyokuwa akiyaongoza bibi kwenye misiba, ambayo mapadri waliyapiga marufuku. Nikatazama. Alikuwa amejifunika shali, ameinama juu ya maji, anafua. Na maji yaliyotoka mikononi mwake, Sibéal, yalikuwa mekundu. Yalipita katikati ya mawe ya kivuko yakaja mpaka kwenye viatu vyangu. Juu ya jiwe la mwisho alikaa kunguru wa kijivu mwenye kichwa cheusi, akanikazia macho bila hofu.

Unajua bibi alivyotuambia. Badhbh, mmoja wa wale dada watatu, yeye na Macha na Mór-Ríoghain, miungu wa kike wa vita wanaoruka juu ya mapigano kwa sura ya kunguru. Kabla ya vita Badhbh hushuka kivukoni akafua nguo zenye damu za wale watakaokufa siku hiyo. Na kivuko chetu kina jina lake tangu enzi na enzi. Nilikuwa na miaka ishirini. Niligeuka. Mwanzoni nilitembea, kisha nikakimbia. Nilijificha darini kwa mama nikala viazi baridi, na saa sita mchana habari zikaja kwamba askari walikuwa wamejificha njia panda wakiwangoja wenzangu, na wanne wamekufa. Jioni ile ile niliwaeleza watu nilichokiona, nikapewa jina la Kunguru.

Waniite mwoga wapendavyo. Mimi najua nilionywa. Kila nilipopata siku mbaya katika nchi hii, hata siku ya kumzika mke wangu, nilijiambia kwamba yule mwenye kunguru mwenyewe aliona inafaa mimi niishi. Kuna Msweden tunafanya naye kazi, Lindqvist. Aliniambia kwao pia wako wanawake wanaochagua wafu vitani, na kunguru huwafuata. Hakucheka hata kidogo. Huku Marekani, yeye na Úna tu ndio niliowaeleza.

Hicho ndicho nilicho nacho, dada. Nikija huko, Antaine atakitemea mate mbele ya watu. Niache nikae nacho.

Mdogo wako,
Féichín


Baile an Átha
Machi 17, 1954

Mpendwa mdogo wangu Féichín,

Mungu na Maria na Patrick wawe nawe, hasa Patrick, maana leo ni siku yake. Natumaini Boston mmeandamana vizuri na hakuna aliyevunjika mguu. Sisi huku wazima. Ng'ombe mweupe amezaa salama, jike, amefanana na mama yake hata kwa ukaidi.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaenda kukamua nikasahau ndoo nyumbani. Sasa na wewe kaa. Kama uko kwenye tramu, isimamishe.

Mwanamke yule alikuwa mimi.

Nilikuwa nasuuza flaneli nyekundu, kitambaa cha sufu cha kushonea sketi. Nilikuwa nimeichemsha na rangi usiku uliotangulia kwenye chungu kikubwa cha mama, na flaneli yenye rangi mpya husuuzwa kwenye maji yanayokimbia, unajua, au pengine hujui. Hakuna mwanamke wa bonde hili ambaye hajayafanya maji yale kuwa mekundu. Ila hakuna mwanamume anayeamka mapema kiasi cha kuyaona. Na kunguru alikuwa anavizia mkate wangu niliouweka juu ya jiwe. Huyo ndiye kunguru wako.

Kama ingeishia hapo nisingekuwa na kosa. Haikuishia hapo. Nilisikia kikohozi chako juu kwenye njia. Nakijua kikohozi chako tangu ulipokuwa kwenye kikapu. Nilijua nikiinua kichwa utasema, "Umeamka salama, dada?" kisha utavuka. Sikuinua kichwa. Nilivuta shali mpaka machoni nikaanza kilio cha bibi, chote, kwa sauti yote aliyonifundisha. Nilikusudia, Féichín. Sikujua lolote kuhusu askari. Nilijua tu kwamba kaka yetu Mícheál alikufa Ufaransa na hatukurudishiwa hata kifungo cha koti lake, na kila siku mama alikuwa akiweka kijiko chake mezani na kukiondoa. Nilikuwa nimechoka kukitazama kijiko kile. Sikutaka viwe viwili.

Nilinyamaza kwanza ili usiwarudie wenzako. Ukaenda Marekani. Kisha nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshanyamaza. Nilisikia watoto wakikulilia kraa mpaka siku ulipopanda gari la farasi kwenda bandarini, na mimi nilikuwa nimekubebea sanduku, na sikufungua mdomo. Naona haya. Niliwahi kuona haya kwa mambo machache sana, na hili ndilo kubwa.

Hukuwa mwoga. Ulidanganywa na mtu uliyemwamini, ambaye hata hukujua kuwa ni yeye. Jina lile la kunguru ni langu, na nataka nilichukue mbele ya watu ili wewe uje usimame pale bila jina hilo.

Dada yako,
Sibéal


Baile an Átha
Mei 20, 1954

Mpendwa Féichín,

Mungu na Maria wawe nawe. Habari za afya? Huku wazima.

Wiki tisa. Nimemwuliza mleta barua mpaka sasa akiniona anapitia shambani kwa jirani. Úna ameandika kwamba unakula, unakwenda kazini, na hutaki kusikia jina langu. Vizuri. Mtu anayekula hajafa. Nikasirikie, una haki, lakini nikasirikie kwa maandishi.

Jiwe limeshafika. Ni zuri, la kijivu, limelala kwenye nyasi likingoja fundi.

Dada yako, ukubali usikubali,
Sibéal


Boston
Juni 8, 1954

Dada Sibéal,

Salamu. Mimi mzima. Úna mzima. Mtoto mzima na amekuwa mnene, nakubali.

Nilikasirika. Bado nina hasira, lakini imebaki ya kutosha mtu kuweza kuandika nayo. Kwa miaka thelathini na tatu nilikuwa mtu aliyesimamishwa na mungu. Kwa barua moja umenifanya mtu aliyekimbia sketi. Unaelewa ulichokifanya? Wiki nzima nilipitiliza vituo. Mama mmoja alinipiga na mwavuli.

Nilimweleza Lindqvist. Alifikiri kutoka kituo cha mtoni mpaka sokoni, kisha akaniuliza, "Katika hadithi zenu, nani alimwona mfuaji akapona?" Nikafungua mdomo nijibu, nikakosa jina. Hakuna, Sibéal. Katika hadithi zote za bibi, wanamwona, wanavuka, wanakufa. Badhbh hafui ili amwonye mtu, anafua tu, na wala hajali nani anatazama. Mimi ndiye mtu wa pekee katika Ireland nzima aliyemwona akarudi nyumbani kula viazi. Ilinipasa nijue tangu siku ile ile kwamba hakuwa yeye. Yeye asingenionea huruma. Nilicheka peke yangu, abiria wakahama viti.

Kwa hiyo hasira yangu si kwamba ulinigeuza. Ninaishi, Úna yupo, mtoto yupo. Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa hatua kumi kutoka kwa dada yangu wa tumbo moja na sikumtambua. Shali lile lilikuwa la mama. Nililiona kila siku ya maisha yangu. Ni mtu gani asiyelitambua shali la mama yake?

Nina maombi mawili. La kwanza, usimwambie mtu. Nakusihi, dada. Féichín Kunguru nimelizoea. Mwoga aliyemkimbia mungu bado ana heshima kidogo, lakini aliyekimbia sketi, Antaine atalitungia wimbo.

La pili, nijibu kweli. Stiofán alilala kibanda cha juu yangu usiku ule, na njia ya kushuka ni moja. Lazima alipita kivukoni baada yangu. Alikuona?

Mdogo wako,
Féichín


Baile an Átha
Juni 24, 1954

Mpendwa mdogo wangu Féichín,

Mungu na Maria wawe nawe. Nimelia nilipouona mwandiko wako kwenye bahasha, kisha nimecheka kwa yule mama wa mwavuli, nampa pole na hongera. Sisi huku wazima na jua limewaka siku nane mfululizo, jambo ambalo linawatia watu wasiwasi.

Ombi lako la kwanza limechelewa siku mbili. Barua yako ilifika Jumamosi. Mimi nilishasema Alhamisi.

Tulikuwa kinamasini, tunaanika vipande vya udongo wa kinamasi, ule tunaouchoma jikoni kama kuni, majirani wote pamoja kama kawaida. Nilipeleka chai. Antaine alikuwa amekaa juu ya toroli lake lililopinduliwa, na mmoja wa vijana wa kwa Bairéad akamwuliza atavaa nini siku ya jiwe. Antaine akasema atavaa koti jeusi, ila Féichín Kunguru akija si lazima, manyoya yake yanatosha. Basi nikaweka birika chini. Nikawaambia wote, kwa sauti, kama nilivyokuandikia wewe. Flaneli, rangi, mkate, kikohozi, kilio.

Ulivyosema ndivyo ilivyokuwa. Walicheka. "Alikimbia sketi!" alisema kijana wa kwa Bairéad, na mwingine akamwaga chai yake. Niliwaacha wacheke, maana kicheko nilikitarajia na nilikuwa nimejiandaa kukijibu. Lakini nikaona Antaine hacheki.

"Ulikuwa pale saa ngapi?" akaniuliza.

"Tangu kulipopambazuka mpaka kengele ya misa."

"Na ulikuwa unalia? Kilio kile cha bibi yenu?"

"Mpaka koo likauma, Antaine."

Akakiweka kikombe kwenye nyasi, akaondoka akaacha toroli lake. Kesho yake asubuhi akaja hapa nyumbani. Ameshika kofia mkononi, Féichín, mtu ambaye hajawahi kunivulia kofia hata kwenye msiba wa mama. Nikamkaribisha. Hakutaka kukaa.

"Mimi nilisikia," akasema. "Nilikuwa juu kwenye njia ya kondoo. Féichín alishuka akaona. Mimi hata kushuka sikushuka. Nilizunguka kwa darajani, saa nzima zaidi, na nilifika kila kitu kimekwisha. Niliwaambia watu bunduki yangu ilikwama. Haikukwama."

Nikamwuliza, "Sasa kwa nini ukamtungia jina mdogo wangu?"

"Kwa sababu alisema ukweli siku ile ile, bila kuulizwa. Nilimwona amesimama mbele ya watu anaeleza alichokiona, na mimi nimesimama nyuma na la kwangu. Nikaona wakimcheka yeye hawatanitazama mimi." Akaigeuza kofia mkononi. "Nilikuwa namwogopa yeye, Sibéal. Kila barua yake iliyokuja kwako nilidhani imeniandika."

Nikampa chai. Nilitaka kumpiga na birika, lakini nikampa chai. Jumapili yeye mwenyewe aliwasimulia wanaume wote pale ukutani, neno kwa neno, na hakuna aliyecheka. Sasa anasema usipokuja hatasimama mbele ya jiwe. Jiwe zima la kijivu na hakuna mtu wa kusimama mbele yake isipokuwa padri, ambaye mwaka wa ishirini na moja alikuwa ananyonya.

Ombi la pili. Ulitaka kweli.

Ndiyo, Stiofán aliniona. Wewe hukuwa umeondoka hata robo saa. Yeye alinitambua kabla hajayafikia maji. Akasema, "Sibéal, kwa sauti hiyo hatutapata samaki mpaka Krismasi." Akaniuliza kilio ni cha nini, nikamwambia nasafisha koo. Akaketi juu ya jiwe, akala nusu ya mkate wangu, nusu nyingine akamtupia kunguru. Akaitazama flaneli akasema rangi imekolea vizuri. Alikuwa na haki ya kusema, kwa sababu ilikuwa sketi ya harusi. Hukujua. Hakuna aliyejua. Tulikuwa tumekubaliana mwezi mmoja kabla, na tulitaka kungoja mpaka Mwingereza aondoke.

Kisha akasimama, akapangusa suruali yake, akavuka. Sikumwambia asiende. Wewe nilikupigia kelele za mungu mzima ili urudi, na yeye, ambaye ingetosha kumwambia neno moja, sikumwambia. Niliona aibu ya kuombaomba. Nilidhani atanicheka. Nilimtazama mgongo wake mpaka ukungu ukamchukua.

Asubuhi ile nililia kilio kizima kwa mtu aliye hai. Mchana walipomleta Stiofán amelazwa juu ya mlango wa kuazima kama machela, nilisimama nyuma ya wanawake wote kama jirani tu, nikanyamaza. Mapadri wamekataza kilio, na mimi sikuwa mke wala mchumba machoni pa mtu. Flaneli sikuishona. Iko sandukuni chini ya mashuka ya mama.

Unaniambia hukulitambua shali la mama. Hukulitazama, Féichín. Ulitazama maji. Mtu yeyote mwenye miaka ishirini na bunduki begani angetazama maji. Stiofán alinitazama mimi kwa sababu alikuwa amezoea kunitazama. Usijilinganishe naye, na usiniache nifunuliwe jiwe lile nikiwa peke yangu.

Njoo.

Dada yako,
Sibéal


Boston
Julai 19, 1954

Dada yangu mpendwa,

Salamu. Tu wazima wote.

Barua yako nimekaa nayo siku tano. Nilimsomea Úna. Alikwenda chumbani akarudi na sanduku langu lile ulilonibebea mwaka ule, akalifuta vumbi, akaliweka katikati ya sebule. Tangu hapo tunaliruka kila tukipita.

Sikujua habari za Stiofán. Nilikuwa nikilala naye kibanda kwa kibanda, na alikuwa akiimba asubuhi, nikadhani anaimba kwa sababu ya vita. Nisamehe kwa miaka yote niliyokuandikia habari za huzuni zangu bila kukuuliza zako.

Nimekata tiketi. Meli itatia nanga bandari ya Cobh Agosti kumi na moja. Tarehe kumi na tatu nitalala katika mji wa Cathair na Mart, kwa yule mama mwenye nyumba ya wageni karibu na mto, na asubuhi ya kumi na nne basi litaniteremsha kwenye barabara ya juu. Usije kunipokea, na usije na nusu ya parokia. Nataka kushuka kwa njia ile ile, kwa miguu. Goti litalalamika, na mimi nitaliacha lilalamike. Mwambie Antaine avae koti jeusi, mimi pia nitavaa.

Ila nikuambie kweli, kama ulivyoniambia. Sijui nitakapofika juu ya kivuko miguu itafanya nini. Nimeshaota mara tatu kwamba inageuka.

Mdogo wako,
Féichín


Kwa mkono wa mwenye nyumba ya wageni, Cathair na Mart
Agosti 12, 1954

Mpendwa mdogo wangu,

Mungu na Maria wawe nawe, na karibu nyumbani. Nimempa dereva wa basi barua hii aiache hapo ulipolala, ili uisome kabla hujapanda. Natumaini bahari haikukusumbua na kwamba mama huyo amekupa mayai mawili. Asipokupa mawili, mdai. Mimi mzima. Mbwa ameogeshwa kwa heshima yako na amenikasirikia.

Ukishuka kesho kutwa, yaani siku utakayoisoma hii, utanikuta kivukoni. Nimeitoa flaneli sandukuni. Imekaa imekunjwa miaka mingi, ina harufu ya nondo, na nataka kuishona usiku wa siku hiyo hiyo niivae mbele ya jiwe, maana nimeshamwambia padri mimi ni nani kwa Stiofán, na mama mdogo wake Stiofán amenishika mkono. Kwanza lazima isuuzwe. Nimejaribu kona moja kwenye ndoo na bado inatoa rangi. Kwa hiyo maji yatakuwa mekundu, Féichín. Usishangae. Na kunguru watakuwapo, kwa sababu nitachukua mkate.

Utasikia kilio pia. Hicho si chako. Namlilia Stiofán, kwa sauti, na padri asikie akipenda.

Wewe shuka tu. Miguu ikitaka kugeuka, kohoa. Nikisikia kikohozi chako nitanyamaza, nitalivua shali la mama kichwani, na safari hii nitainua kichwa.

Dada yako,
Sibéal